Mzee ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa: sindano ya homoni au mafuta ya bangi?

Mkuu, umeuliza kama umwachishe mzee wako sindano ya homoni umpe mafuta ya bangi, kwa kuwa saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, hagusi chakula, na jirani anakuapia kwamba mafuta hayo yanaponya. Nakusihi usimwachishe. Baba yangu aliishi na ugonjwa huohuo miaka minne, na kosa unalotaka kulifanya sisi tulishalifanya.

Kwanza uelewe ile sindano inafanya kazi gani. Saratani ya tezi dume inastawi kwa testosteroni, yaani homoni ya kiume, na sehemu kubwa ya homoni hiyo inatoka kwenye korodani. Mwaka 1941 daktari wa upasuaji Charles Huggins alionyesha kwamba homoni hiyo ikikatwa, saratani inarudi nyuma hata kwa mgonjwa ambaye imeshamsambaa. Mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Unaweza kuikata kwa upasuaji wa kuondoa korodani, unaofanywa mara moja tu, au kwa sindano kama goserelini, ya kila mwezi au ya kila wiki 12. Mzee wetu upasuaji aliukataa katakata, tukaenda na sindano. Siyo ya maji ile. Ni kijidonge kama punje ya mchele: nesi anafinya ngozi ya tumbo chini ya kitovu, anakisukumia humo kwa sindano nene, kinabaki kinayeyuka taratibu. Kabla ya sindano ya kwanza alianzishiwa vidonge vya bikalutamidi, vinavyoizuia homoni hiyo isiichochee saratani, maana wiki za mwanzo testosteroni inapanda kwanza ndipo ishuke, na maumivu yanaweza kuzidi.

Miezi mitatu baadaye alikuwa anakwenda msikitini kwa miguu yake. PSA, kipimo cha damu kinachoonyesha saratani hiyo inavyokwenda, ilitoka 140 ikafika 3. Hakupona, na daktari hakutuficha hilo, ila alipata muda. Kilichomtesa ni joto la ghafla. Saa nane usiku, mwezi wa saba, sisi tumejifunika mablanketi, yeye yuko barazani kifua wazi anajipepea kwa kanga ya mama. Na nguvu za kiume ziliisha. Hilo wazee wanaumia nalo kimya, kwa hiyo mtafutie mtu wa rika lake azungumze naye.

Mwaka wa pili akaja muuza mafuta. Akatuambia sindano inazuia mafuta yasifanye kazi, tukamwamini. Alianza na tone moja, kila wiki tukaambiwa tuongeze. Usiku mmoja mzee akaamka kwenda kuwafungulia mbuzi tuliowauza miaka kumi nyuma, akaanguka mlangoni, paji la uso likapasuka. Kufikia hapo tulikuwa tumesharuka sindano mbili, na PSA imerudi 60. Mpaka leo nikikumbuka ile damu kwenye kizingiti nasikia uchungu.

THC, ile inayolevya kwenye bangi, inawaletea wazee kizunguzungu, kushuka kwa presha na kuchanganyikiwa. Chupa ya mtaani haina kipimo, utajuaje umempa kiasi gani? CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, nayo inaingilia kazi ya ini ya kuvunja dawa nyingine, ikiwemo warfarini ya kuzuia damu isigande. Halafu kwa hapa Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haikuachi eti kwa sababu unamuuguza baba.

Sikatai kwamba mmea ule una dawa. Dronabinoli, ambayo ni THC ya maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha tibakemia (dawa kali za kuua saratani), na 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda kwa kukosa hamu ya kula. Lakini utafiti wa mwaka 2002 kwa wagonjwa 469 wa saratani iliyokomaa uliilinganisha na megestroli, dawa ya jamii ya projesteroni. Hamu ya kula iliongezeka kwa asilimia 75 ya waliopewa megestroli na asilimia 49 ya waliopewa dronabinoli, na waliopewa zote mbili hawakupata nafuu zaidi. Hata hivyo megestroli usijinunulie dukani: inaweza kugandisha damu miguuni, na kilo zinazoongezeka nyingi ni mafuta na maji.

Kwetu ilikuja kugundulika kwamba mzee hali chakula kwa sababu ya maumivu na choo kigumu. Akaandikiwa mofini ya maji pamoja na dawa ya kulainisha choo. Siku ya tatu akaomba ndizi nyama, akala nusu sahani, mama akatoka nje kulia. Kwa hiyo ulizia watu wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, hospitalini kwenu wiki hii hii, na chupa ya jirani mwonyeshe daktari bila kuficha.

Kitu kimoja kisisubiri siku ya kliniki: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Huenda uvimbe unabana uti wa mgongo, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena.