Unga wa Maganda ya Matunda

SWALI: Mavyaa wangu ana kisukari na anatumia vidonge vya hospitali. Siku hizi huanika maganda ya maembe na makomamanga tunayonunua Marikiti, akayasaga pamoja na mbegu za papai, kisha hunywa kijiko kila asubuhi. Husema dawa yote ya tunda imo gandani. Je, ni kweli? Nami ni mja mzito, naweza kunywa?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Yapo ya kweli katika maneno ya mavyaa wako. Mti hulikinga tunda na wadudu, ukungu na jua kali kwa kemikali ambazo nyingi hukusanyika gandani na mbeguni: ganda la embe lina mangiferini, la chungwa lina hesperidini, na la komamanga lina punikalagini, tanini inayoleta ule ukakasi wake. Kemikali hizi zimeonyesha nguvu katika maabara. Hata hivyo, punikalagini haifiki kwenye damu ikiwa nzima; huvunjwa tumboni, na sehemu yake hugeuzwa na bakteria wa utumbo kuwa kemikali nyingine iitwayo urolithini, kazi ambayo matumbo ya watu hayaifanyi kwa kiwango kimoja. Ndiyo maana matokeo ya maabara hayatoshi kutuambia kijiko kimoja kitamfaa mgonjwa kiasi gani.

Ganda linaloliwa kama chakula, mfano ndimu nzima katika achari, sina ugomvi nalo, ila chumvi yake tu. Ganda la embe lina nyuzinyuzi nzuri, lakini lioshwe vyema kwa sababu ya dawa za shambani, na wapo ambao utomvu wake huwatoa vipele midomoni.

Kwa mavyaa wako, vidonge visiachwe, na unga huo daktari aujue, kwani viambato vya matunda vinaweza kuingiliana na dawa. Maji ya balungi, kwa mfano, huongeza kiwango cha baadhi ya dawa za presha mwilini.

Wewe usiunywe. Ukali wa mbegu za papai hutokana na kemikali ya jamii moja na ile ya haradali, na katika majaribio ya wanyama dondoo za mbegu hizo zimedhuru uzazi. Papai bivu lenyewe, bila mbegu, unaweza kula.