Namba ikikusumbua kichwani igeuze maneno, Wahindi wa kale walishaifanya hii kazi

Jamani, mwaka juzi kadi yangu ilimezwa na mashine ya benki nikiwa safarini, namba ya siri nimekosea mara tatu na nauli yote ya kurudi iko humo. Tangu siku ile nikawa natafuta njia ya kukaa na namba kichwani bila kuiandika popote, nikajaribu hiki na kile, na iliyonifaa nikaikuta Kerala, kusini mwa India. Inaitwa katapayadi, na ina zaidi ya miaka elfu moja.

Iko hivi. Kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kila konsonanti wameipa tarakimu. Ka ni 1, kha 2, ga 3, gha 4, wanaenda hivyo mpaka 9 na 0, wakimaliza wanaanza tena 1 kwenye ta (ile ya kupinda ulimi juu), tena kwenye pa, tena kwenye ya, ndo maana jina ni ka-ta-pa-ya. Irabu inayofuata konsonanti haihesabiwi, kwa hiyo ka, ki, ku zote ni 1, na hapo ndipo utamu wote ulipo maana namba moja inakupa maneno kibao ya kuchagua. Konsonanti zikibanana unahesabu ya mwisho tu, ile iliyoshika irabu, irabu ikisimama peke yake ni 0, halafu unasoma kutoka nyuma kuja mbele.

Mfano ninaoupenda kuliko yote: Melpathur Narayana Bhattathiri alimaliza utenzi wake wa Narayaniyam mwaka 1586, na neno la mwisho kabisa ni ayurarogyasaukhyam, yani umri, afya na raha. Sasa hesabu: a 0, yu 1, ra 2, ro 2, gya 1, sau 7, khyam 1. Geuza, unapata 1712210, ambayo ni idadi ya siku tangu zama za Kali, zama ya mwisho kati ya nne za Kihindu, zilipoanza kwa hesabu yao mpaka siku aliyoweka kalamu chini. Dua na tarehe ndani ya neno moja! Mi niliposoma hili nilisimama kidogo.

Na Sankara Varman, mtaalamu wa hesabu wa huko huko Kerala, mwaka 1819 akaweka pai (ile 3.14 unayopata ukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake) yenye tarakimu 18 kwenye mstari mmoja wa shairi. Nilikaa nao jioni nzima na kalamu, silabi kwa silabi, na zote 18 zimekaa sawa. Ushauri wangu hapo, usimeze tu mfano wa mtu, ukae uuhesabu mwenyewe, ndo unavyoshika.

Kuna na njia nyingine ya vitu badala ya herufi: mwezi ni 1, macho 2, moto 3 kwa sababu ya mioto yao mitatu ya ibada, Veda (vitabu vyao vitakatifu) 4, tembo 8, miungu 33. Madhava, mwanahisabati wa Kerala, karne ya 14, akasema duara lenye kipenyo cha 900,000,000,000 mzingo wake ni miungu, macho, tembo, nyoka, moto na kuendelea, ukisoma kinyume ni 2,827,433,388,233. Gawanya uone, 3.14159265359. Kwa nini shairi? Kwa sababu mwanafunzi alikuwa anakariri kwa mdomo, na silabi ikidondoka mizani inavunjika, sikio linajua papo hapo kuna kosa. Mtu aliyekua anasikia tenzi za kwetu hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Sasa mi nilivyoifanya kwa Kiswahili. Silabi zetu karibu zote ni konsonanti na irabu, kama vile mfumo ulitungwa kwa ajili yetu. Nimeacha k, p, y ziwe 1, r 2, g, b, l 3, w na v 4, m na sh 5, t na ch 6, s na th 7, d, j, h 8, dh 9, n na ny 0. F nimeiweka kwenye nafasi ya pha yao, 2, na z ambayo wao hawana nimeipa 9. Nasoma mbele, sigeuzi, kwa matumizi ya kila siku inachelewesha. Pai yangu ni "lipa wiki, meza, fata mali", ihesabu, ni 3.141592653. Maana yake haieleweki vizuri na ndo inavyogoma kutoka kichwani.

Anza na namba moja ya tarakimu nne, kaa nayo wiki nzima kabla hujaongeza nyingine, na sentensi ya namba ya siri usimwambie mtu wala usiitumie kama neno la utani nyumbani, maana jedwali likishajulikana ni kama umeiandika ukutani.

Mama nilimtungia namba yangu ya simu, maneno matano ya silabi mbili mbili. Jedwali alilishika kwa siku mbili akiwa anachambua mchele, na juzi simu yake imezima akaazima ya jirani, akanipigia.