Maswali na majibu: Jioni ndefu na usingizi unaogoma baada ya kuacha pombe

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu walioacha pombe karibuni, au wanaoishi nao, na malalamiko ni ya saa zilezile: kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Naanza na moja ambayo haiwezi kusubiri zamu yake.

Shikamoo shangazi. Mume wangu amekunywa kila siku kwa miaka. Juzi aliacha ghafla. Usiku kucha hakupata hata lepe la usingizi, anatokwa jasho, mikono inatetemeka, na asubuhi hii anasema anaona wadudu ukutani. Hataki hospitali, anasema ni arosto tu. Nimpe dawa ya usingizi?

Marahaba mwanangu. Usimpe kitu. Mpeleke hospitali sasa hivi, anune asinune.

Mtu anayekunywa sana kila siku, ubongo wake huzoea kufanya kazi huku pombe imeukanyagia breki, kwa hiyo nao hukanyaga mafuta zaidi ili mambo yaende. Pombe ikiondoka ghafla, breki imeachiwa na mafuta bado yamekanyagwa. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio mara nyingi hufuata kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo huua. Hospitalini zipo dawa za kumtuliza zinazotolewa kwa kipimo na kwa uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo huukinga ubongo wa mnywaji wa muda mrefu usiharibike. Mwambie daktari ukweli mtupu: alikuwa akinywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Msipunguze kwa aibu.

Na wewe unayesoma huku ukinywa kwa kiwango hicho na unapanga kuacha kesho: muone daktari kwanza. Anayeamka mikono ikitetemeka mpaka azimue hapaswi kuacha peke yake chumbani.

Shangazi, nina wiki tatu sijagusa. Mchana niko sawa kabisa. Ikifika saa kumi na mbili jioni nageuka mtu mwingine, nazunguka nyumba nzima, sijui hata mikono niiweke wapi. Ina maana sina msimamo?

Msimamo unao, wiki tatu hazikuja zenyewe. Usichokuwa nacho ni jioni. Pombe ilikuwa inakumezea saa nne za kila siku: kuitafuta, kuinywa, kuongea nayo, kuzimika. Sasa saa hizo zimerudishwa kwako zote kwa mpigo na hakuna aliyekufundisha pa kuzipeleka. Mwili nao umekariri. Kwa miaka umeulisha kilevi saa hiyohiyo, kwenye kiti hichohicho, ukiwa umetoka kwenye shughuli zilezile. Ikifika saa yake unadai.

Ninachokuomba ni kwamba saa kumi na mbili usiikute huna mpango. Amua asubuhi, akili ikiwa imetulia, jioni utakuwa wapi, na nani, mikono ikishika nini. Uamuzi unaofanywa saa moja usiku ukiwa umechoka na una njaa ni uamuzi dhaifu kwa yeyote, si kwako tu. Kula mapema, kabla hamu haijafika. Wengi hugundua kwamba nusu ya kiu ile ilikuwa njaa. Kwenye vikundi vya walioacha pombe wana kawaida ya kujiuliza maswali manne hamu inapobisha: nina njaa? nina hasira? niko mpweke? nimechoka? Ni maswali mepesi mno kwa macho, lakini kila moja lina jibu unaloweza kulifanyia kazi papo hapo, tofauti na swali la "kwa nini niko hivi".

Hamisha vitu. Kiti cha kunywea kiende chumba kingine au kitoke kabisa. Badili njia ya kurudia nyumbani. Oga saa ileile uliyokuwa unafungua chupa. Televisheni si dhambi, ila kwa wengi ndiyo iliyokuwa ikitazamana na chupa, kwa hiyo wiki za mwanzo afadhali kazi inayoshughulisha vidole: kupika, kushona, kutengeneza kilichoharibika, kutembea na mtu mwingine.

Hamu ikija pamoja na yote hayo, usipigane nayo wala usiitii. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt aliwafundisha watu kuitazama tu: inaanzia wapi mwilini, inapanda vipi, inafika kileleni, inashuka. Inayoachwa bila kulishwa mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa. Tazama saa ukutani, mpigie mtu simu, subiri.

Jioni hizi zinachosha, sitakuficha. Kuchosha si hatari.

Nilipokuwa nakunywa nililala usingizi wa pono. Sasa ni wiki ya tano, napitiwa saa nane usiku na saa kumi na moja macho makavu. Si bora pombe ilikuwa inanisaidia?

Ilikuwa inakuzimisha, na kuzimika si kulala. Pombe huleta usingizi haraka na kuufanya mzito nusu ya kwanza ya usiku. Ini linapoimaliza, nusu ya pili huwa ya mang'amung'amu: kugeuka, jasho, kwenda msalani. Juu ya hayo hupunguza usingizi wa ndoto. Sasa ubongo unajifunza upya kujituliza wenyewe. Kwa wengi hali hupata nafuu kubwa baada ya wiki kadhaa, kwa wengine huchukua miezi. Wiki ya tano uko katikati ya njia.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuuwinda usingizi. Mtu anaingia kitandani saa tatu ili "afidie", anagaagaa mpaka saa nane, na kitanda kinageuka mahali pa mateso. Mwaka 1972 mtafiti Richard Bootzin alipendekeza kinyume chake, na ushauri wake unatumika hadi leo. Panda kitandani ukiwa na usingizi, si kwa sababu saa imefika. Ukikaa kama dakika 20 bila kulala, ondoka, nenda chumba kingine chenye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu lisilosisimua, rudi usingizi ukija. Rudia mara zote itakapobidi. Halafu amka saa ileile kila siku, hata kama umelala saa mbili tu, Jumapili ikiwemo. Sharti hilo la mwisho watu hulichukia kuliko yote, na ndilo lenye nguvu zaidi.

Geuza saa ya ukutani isikuonyeshe uso. Toka nje upate mwanga asubuhi. Angalia pia kahawa na soda za kola, maana wengi walioacha pombe huhamia huko bila kujijua. Nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini saa tano au sita baada ya kuinywa. Mwisho wako uwe mchana.

Miezi ikipita bila nafuu, ipo tiba ya mazungumzo mahususi kwa kukosa usingizi, na madaktari huitanguliza kabla ya vidonge. Na ukiambiwa unakoroma huku pumzi ikikatika, nenda ukapimwe. Hilo ni tatizo jingine.

Naota nakunywa. Naamka na ladha mdomoni na hofu kwamba nimeanguka. Ni dalili mbaya?

Hapana. Usingizi wa ndoto uliokandamizwa na pombe hurudi kwa fujo, na ndoto za kunywa huwapata wengi sana wakati huu. Washa taa, kunywa maji, msimulie mtu asubuhi. Ndoto haihesabiwi.

Rafiki amenipa vidonge vyake vya usingizi. Naweza kutumia wiki moja tu?

Mrudishie. Vidonge vya jamii ya diazepamu hugusa sehemu zilezile za ubongo zinazoguswa na pombe, kwa hiyo unaweza kuhama uraibu mmoja na kuingia mwingine. Na siku ukiteleza ukanywa juu yake, pumzi inaweza kusimama. Hospitalini vilevile hutumika, lakini kwa siku chache na kwa uangalizi. Ukifika kwa daktari uliza pia kuhusu dawa za kusaidia mtu asirudie pombe, kama naltreksoni na akamprosati. Nashangaa ni wachache wanaozijua, na hazimfai kila mtu: naltreksoni kwa mfano haiendi na dawa za maumivu za jamii ya afyuni.

Vipi bia isiyo na kilevi, ya kushika tu mkononi jioni?

Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo bado zina hadi asilimia 0.5. Kiasi hicho hakileweshi. Kinachonitia shaka ni povu, harufu, glasi na saa ileile. Wapo waliosaidika nayo. Kwa miezi ya mwanzo mimi ningeiacha dukani.

Mke wangu ameacha pombe. Jioni amekuwa mkali na hasemi neno. Nami nina glasi yangu moja baada ya chakula. Niiache?

Shemeji, kwa sasa itoe nyumbani. Huadhibiwi, ni vigumu tu kwake kuinusa kila jioni akiwa hajalala vizuri siku nyingi. Ukali wenyewe mara nyingi ni uchovu, na hupungua usingizi unaporudi. Usimnuse mdomo, usimhesabie siku mbele ya watu. Kubalianeni neno moja la kusema anapozidiwa, na akilisema, acheni mlichokuwa mnafanya mtoke mkatembee. Mada nzito za fedha na ukoo zihamishieni asubuhi.