Maswali na Majibu ya Nasaba: Kasisi Powell, Admirali Smyth na Kaburi la Nyeri

Tangu niandike hapa kwamba Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri, alikuwa mtoto wa kasisi, barua hazikatiki. Nimechagua nane. Zile mbili zinazoniomba niwatafutie wenyewe urithi Uingereza nimeziweka kando; hapa tunafuata nasaba, mirathi ina mahakama yake.

Nilikuwa skauti shule ya msingi, na lile kaburi nimelifagia mara nyingi. Tulifundishwa kuwa ukoo wake ulikuwa wa wanajeshi. Wewe unasema baba yake kasisi. Tushike lipi? (Msomaji, Nyeri)

Shika yote mawili, ila kila moja lina upande wake.

Kuumeni, baba yake ni Kasisi Baden Powell, aliyezaliwa mwaka 1796. Babu alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyepata kuwa Sherifu wa Kent mwaka 1831. Kasisi mwenyewe alishika parokia ya Plumstead kuanzia 1821, na mwaka 1827 akawa profesa wa jiometri Oxford, kazi aliyokaa nayo hadi kufa. Alikuwa mtu wa hesabu na sayansi ya mwanga, na mdomo hakuwa nao mfupi: mwaka 1860 alichapisha insha ya kuhoji miujiza kama ushahidi wa imani, akamsifu na Darwin humo humo. Kanisa likawaka moto. Wenzake wawili walioandika naye walishitakiwa katika mahakama ya kanisa. Yeye alikuwa keshafariki, Juni mwaka huo huo.

Kuukeni ndiko jeshi liliko. Mama, Henrietta Grace Smyth, alikuwa binti wa Admirali William Henry Smyth, aliyepima pwani za Mediterania na kuzichorea ramani. Kaka yake Henrietta, Henry Augustus Smyth, alipanda hadi kuwa jenerali wa mizinga. Robert alifiwa na baba akiwa na miaka mitatu, akalelewa na mama na jamaa wa mama. Jeshini aliingia kwa mtihani, mwaka 1876, akashika nafasi ya pili kati ya waliopangiwa wapanda farasi, na kupelekwa India katika kikosi cha 13 cha Hussars. Hapo hakubebwa na mtu. Lakini Henry alipopewa uongozi wa jeshi huko Afrika Kusini, mpambe wake alikuwa nani? Mpwa wake Robert. Alipokwenda Malta kuwa gavana, mwaka 1890, mpambe akawa yule yule. Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu ofisa yeyote Mwingereza wa karne ya 19, swali langu la kwanza ni: mjomba wake nani?

Na lile duara lenye nukta katikati, pale kwenye jiwe ulilokuwa ukilifagia, ni alama ya njiani ya skauti: nimekwenda nyumbani.

Nimeona imeandikwa kwamba alibatizwa "Robert Stephenson Smyth Powell". Hilo "Baden" na kistari vimetoka wapi? (Msomaji, Kisumu)

Kwa mama tena. Baden lilikuwa jina la kwanza la mumewe, Powell ndilo la ukoo. Akina Powell Uingereza ni wengi kama akina Otieno huko kwenu, na Henrietta alitaka watoto wa marehemu wajulikane kuwa wa yule hasa, si wa Powell yeyote. Mwaka 1869 akaunganisha majina mawili yakawa moja. Kibali cha kifalme cha kulihalalisha kilikuja baadaye sana, mwaka 1902, wakati Robert keshatoka kwenye siku 217 za kuzingirwa na Makaburu huko Mafeking, Afrika Kusini, na jina lenyewe linaimbwa mitaani.

Kwa hiyo ukimtafuta katika sensa ya 1861, tafuta Powell. Ukiandika Baden-Powell utaambulia patupu na kudhani familia ilikuwa safarini.

Orodha niliyonayo inasema Warington na George, kaka zake Baden-Powell, wote walizaliwa 1847, lakini si pacha. Ni kosa la chapa? (Msomaji, Dodoma)

Si kosa. Warington ni wa tarehe 3 Februari, George wa tarehe 24 Desemba. Hesabu miezi mwenyewe. Kasisi alimwoa Henrietta Machi 1846, yeye ana miaka 49 na bibi harusi 21. Alikuwa mke wake wa tatu baada ya kufiwa na wawili. Henrietta alimzalia watoto kumi, na kitinda mimba, aliyepewa jina la baba, alizaliwa Mei 1860, wiki chache tu kabla ya baba kufariki. Huyo naye alikuja kuwa meja katika kikosi cha Scots Guards na mpenzi mkubwa wa vyombo vya kuruka angani. Ukiongeza wanne wa mke wa pili, kasisi aliacha historia ya watoto kumi na wanne. Wanaofuata nasaba hii huwachanganya wa mama huyu na wa mama yule, kwa hiyo andika jina la mama mbele ya kila mtoto.

Kwa nini koo hizi za Kiingereza mtoto mmoja kasisi, mwingine kapteni, kizazi baada ya kizazi? Ni imani, au ni desturi tu? (Msomaji, Mombasa)

Ni mirathi, ndugu yangu. Wewe wa Mombasa umezoea mafungu: mtu akifa, kila mtoto ana sehemu yake, wa kike na wa kiume. Uingereza shamba la mwenye ardhi lilikwenda zima zima kwa kifungua mimba wa kiume. Waliobaki walipewa elimu, jina zuri, na kuambiwa wajitafutie. Kazi zilizohesabiwa kuwa za kiungwana zilikuwa chache mno: kanisa, jeshi, sheria.

Na hizo nazo zilikuwa na bei. Haki ya kumteua kasisi wa parokia ilikuwa mali ya mtu binafsi katika sehemu nyingi. Iliuzwa, ikanunuliwa, ikarithiwa kama nyumba. Baba akiwa nayo, mtoto wa pili au wa tatu alisomea dini huku kiti chake kinamsubiri, pamoja na zaka za wakulima na shamba la kanisa. Ndiyo maana unakuta parokia moja imeshikwa na baba, mwana na mjukuu.

Jeshini, cheo cha ofisa katika askari wa miguu na wa farasi kilinunuliwa hadi mwaka 1871. Cha chini kabisa katika kikosi cha kawaida cha miguu kilikuwa paundi 450, na kila ukipanda unaongeza nauli. Mizinga na uhandisi havikuwa na mnada huo: ulisoma, ukafaulu, ukasubiri zamu yako. Familia yenye vichwa lakini mfuko mwembamba ilielekea huko, na Henry Smyth niliyemtaja juu alikuwa mtu wa mizinga.

Baharini hukununua cheo, ila ulihitaji nahodha wa kukuchukua. Hapo anarudi mjomba. Mtazame Horatio Nelson, yule admirali mashuhuri wa Uingereza, aliyezaliwa 1758 Burnham Thorpe, Norfolk, mtoto wa kasisi wa parokia hiyo, Edmund Nelson. Mama yake, Catherine Suckling, alifariki Horatio akiwa mdogo. Mwaka 1771, akiwa na miaka 12, akaingia kwenye meli ya Kapteni Maurice Suckling, kaka wa marehemu mama yake. Kila mtu anajua alivyoishia: risasi katika vita vya baharini vya Trafalgar, 1805. Wachache wanajua nani alivuna. Hakuwa na mtoto wa kiume wa ndoa, kwa hiyo taifa likampa kaka yake William cheo cha ubwana cha Earl. William alikuwa kasisi. Sijawahi kuona mfano mtamu kuliko huo wa familia kuchuma kwa mkono mmoja na kuweka kibindoni kwa mwingine.

Babu yangu alibatizwa Magila na kupewa jina la padri Mwingereza wa misheni. Jamaa hapa wanasema sisi ni damu yake. Nitathibitishaje? (Msomaji, Muheza)

Nakujibu kwa upole: jina la ubatizo ni heshima, wala halikujengei undugu. Huyo Robert tunayemjadili aliitwa Stephenson kwa sababu baba yake wa ubatizo alikuwa Robert Stephenson, mhandisi mashuhuri wa reli. Damu ya Stephenson hakuwa nayo hata tone. Mjomba wake mwingine, Charles Piazzi Smyth, alizaliwa Naples na kupewa jina la mwanaastronomia Mwitaliano rafiki wa baba, naye akakua akawa mwanaastronomia. Na bado hakuwa Mwitaliano.

Isitoshe, mapadri wa misheni hiyo ya vyuo vikuu, UMCA, walikuwa chini ya masharti ya kutokuoa wakiwa kazini. Sisemi binadamu hawatelezi. Nasema mwenye kudai damu aanze na daftari la ubatizo la Magila, aone nani ameandikwa mzazi na nani ameandikwa msimamizi. Nyaraka za UMCA zenyewe ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian.

Nimeolewa na Mwingereza, tunaishi Leicester. Mama mkwe ana Biblia ya familia yenye majina, na anasema kuna "kasisi na kapteni" kila kizazi. Watoto wangu wanauliza. Nianzie wapi? (Msomaji, Uingereza)

Anza na hiyo Biblia, lakini usifungue kurasa za majina kwanza. Fungua ule wa mbele, utazame mwaka wa chapa. Kama imechapwa 1850 na kizazi cha kwanza kilichoandikwa ni cha 1790, basi mtu alikaa chini akaandika kwa kumbukumbu, pengine kwa wino mmoja na mkono mmoja. Tarehe za namna hiyo ni simulizi, zitafutie shahidi.

Kisha shika kasisi kabla ya kapteni, kwa sababu makasisi huacha nyayo. Kuanzia 1858 kuna orodha ya makasisi ya Crockford, inayokupa chuo alichosoma, mwaka aliopewa upadri na parokia alizopitia. Kwa wa nyuma zaidi, kati ya 1540 na 1835, kuna hifadhidata ya bure mtandaoni ya makasisi wa Kanisa la Uingereza. Zipo pia orodha zilizochapwa za wanafunzi wa Oxford na Cambridge. Katika ile ya Oxford, ukiona "cler." baada ya jina la baba, umeshinda: maana yake baba naye alikuwa kasisi, na una kizazi cha pili bila kutoka jasho.

Kapteni mtafute kwenye orodha za maofisa wa jeshi. Ile ya Hart, iliyoanza 1839, inataja hadi vita alivyopigana. Mafaili yako Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Lakini kama alikuwa katika jeshi la Kampuni ya India, Kew utarudi mikono mitupu. Nenda British Library. Na kama alikuwa askari wa kawaida katika vita vya 1914, jiandae: zaidi ya nusu ya mafaili hayo yaliungua kwa mabomu mwaka 1940.

Kuzaliwa, ndoa na vifo vinaandikishwa na serikali tangu Julai 1837. Kabla ya hapo ni madaftari ya parokia, mengine yanafika 1538. Daftari likiwa limepotea, uliza nakala ambayo parokia ilipaswa kumpelekea askofu kila mwaka. Kwenye sensa ya 1841 usiamini umri wa mtu mzima, kwa kawaida waliushusha hadi tano ya karibu, mtu wa 39 akawa 35. Ya 1931 usihangaike nayo, iliteketea.

Siri yangu moja: tafuta wosia wa shangazi ambaye hakuolewa. Kasisi huandika "mke wangu na watoto wangu" akamaliza. Shangazi anataja kila mpwa kwa jina, nani apewe saa, nani vijiko vya fedha, na yule kapteni aliye India apewe nini akirudi.

Kwenye daftari nimekuta "Februari 1720/21". Karani alikuwa na shaka? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Kabla ya 1752 mwaka mpya wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari hiyo kwao ilikuwa bado 1720, kwetu ni 1721. Nakili zote mbili, usichague.

Je, kuna Lord Baden-Powell hadi leo? Na mabinti zake hawakurithi? (Msomaji, Nakuru)

Cheo kipo. Alipewa mwaka 1929, na hushuka kwa wanaume tu. Mwanawe Peter alikirithi 1941, akafa 1962. Kikaenda kwa mwanawe Robert, naye alipofariki 2019 kikahamia kwa mdogo wake. Mabinti wawili, Heather na Betty, hawakuwamo kwenye foleni. Ukichora mti kwa kufuata cheo utawakata wote wawili pamoja na uzao wao, na ndivyo miti mingi ilivyochorwa. Betty aliolewa na Gervas Clay, ofisa wa kikoloni, wakaishi miaka mingi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Heather aliolewa na John King. Kwa hiyo ukitaka wajukuu wa yule mzee wa Nyeri kwa upande wa mabinti, tafuta Clay na King.