Mjomba kafia Marekani kwa korona, sisi tuko Masasi, hela ya mazishi tunalipwa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mjomba wangu alikua anaishi Houston, akafariki kwa korona Januari 2021, kumleta nyumbani ikashindikana akazikwa hukohuko. Sisi tulichanga, mama akatoa hela yake yote ya korosho tukamtumia binamu anaeishi kule aongezee kwenye jeneza na kaburi, halafu tukakaa matanga bila maiti. Juzi kuna mtu kapiga wasap anasema serikali ya Marekani inatoa dola 9,000 kwa kila aliyekufa kwa korona, ila tutume kwanza shilingi 180,000 ya kufungua faili na picha ya kitambulisho cha NIDA cha mama. Mama ashaanza kuulizia mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, amuuzie korosho alizobakiza. Ni kweli au tunaliwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na tanga la bila maiti nalijua, watu wanalia lakini moyo haukubali. Kabla hujasoma chini nenda kamzuie mama, asiuze kitu na NIDA yake asimtumie mtu, mengine tutaongea baadae.

Sasa ukweli ni huu. Hela hio ilikuepo kweli, na ndo maana matapeli wanaipenda, uongo wao wanauweka juu ya jambo la kweli. Ilikua inatolewa na FEMA, yaani idara ya Marekani ya kushughulikia maafa, walianza kupokea maombi tarehe 12 Aprili 2021 na siku ya kwanza tu watu walipiga simu mpaka laini zikazidiwa. Lakini dirisha limefungwa tarehe 30 Septemba 2025. Kwaio anaekwambia leo akufungulie faili jipya hana faili lolote, na hata wakati ule kuomba kulikua bure, mtu anapiga simu mwenyewe, na FEMA walitangaza kabisa kwamba wao hawamtafuti mtu ambae hajaomba.

Halafu dola 9,000 haikua zawadi ya kila maiti, ilikua ndo mwisho wa kinachoweza kurudishwa kwa marehemu mmoja. Unaleta risiti, wanaangalia ulitumia nini, kama kuna bima ya mazishi ilishalipa wanapunguza. Kaburi, jeneza, kubeba mwili, kuchoma mwili kwa wanaochoma, shekhe au mchungaji, hivyo vilikuemo, ila maua na chakula cha waombolezaji hapana, kwaio hata pilau ya matanga yetu isingehesabiwa.

Na mwombaji alitakiwa awe raia wa Marekani au mgeni mwenye hadhi ya uhamiaji inayokubalika kule, marehemu mwenyewe hata asipokua raia haikua shida mradi kafia kwenye ardhi yao. Ndo maana mama yako akiwa Masasi asingeweza kuomba hata mwaka 2021, japo jasho lake lipo kwenye lile kaburi, na hili linaniuma kukuandikia. Risiti zina jina la aliyelipa, sio la aliyetuma hela kutoka mbali.

Mlango uliobaki ni binamu. Muulizeni kwa upole, bila kumshuku, kama aliwahi kuomba kabla ya ile Septemba, maana kama ombi lake lipo basi yeye ndo wa kulifuatilia kule. Alihitaji cheti cha kifo kinachotaja korona, na risiti za tarehe zinazoendana na msiba. Kama hakuomba, imepita, msigombane kwa hilo.

SWALI: Shangazi mimi niko Kilwa, baba alikua anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kiwandani, alifariki 2021 kwa kubanwa pumzi, cheti kimeandikwa nimonia. Nimeambiwa kwa vile hakijaandikwa korona hatupati chochote, kweli?

JIBU: Sio kweli mwanangu na aliyekwambia kakukosesha usingizi bure. NSSF wana msaada wa mazishi na wana mafao ya urithi kwa mjane na watoto, na hawaangalii ugonjwa gani umemuua, wanaangalia uanachama na michango yake. Ugonjwa unapewa uzito kule WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwa sababu pale lazima kifo kiwe kimetokana na kazi. Nenda ofisi ya NSSF na namba yake ya uanachama, vitambulisho vyenu, cheti cha ndoa cha mama, vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zako, na cheti cha kifo chenyewe cha RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, sio kile kibali cha mazishi mlichopewa hospitali, wengi wanarudishwa getini kwa kuchanganya hizo karatasi mbili. Nenda na mama, asiachwe nyumbani, yeye ndo mjane.