Hospitali inataka kunisomesha usingizi: je, nisaini mkataba huu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali binafsi. Mwajiri anataka kunipeleka kusomea utoaji wa dawa za usingizi kwa mwaka mmoja, huku akilipa ada na mshahara wangu. Nikirudi nitatakiwa kumtumikia miaka mitano. Nikiondoka mapema nitalipa gharama zote mara mbili, na vyeti vyangu halisi vitakaa kwa mkurugenzi. Saa za kazi hazikutajwa, ingawa hata sasa naitwa usiku na asubuhi naingia zamu kama kawaida. Je, nisaini?
Muuguzi, Dodoma

JIBU: Dada, mwajiri anayekusomesha ana haki ya kutaka fedha zake zimrudie kwa utumishi wako, na kwa hilo hatuna ugomvi naye. Kinachotutia shaka ni hiyo “mara mbili”. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kiasi kilichoandikwa, kwa hiyo kiasi hicho ni kikomo, wala si deni linalolipwa lote bila kuhojiwa. Omba mchanganuo wa ada, posho na nauli, uulize kama mshahara wa mwaka wa masomo umehesabiwa humo, na utake deni lipungue kila mwezi unaotumikia, ili aliyefanya kazi miaka minne asidaiwe sawa na aliyeondoka wiki ya pili. Iandikwe pia itakuwaje ukifeli mtihani, au hospitali yenyewe ikikuachisha kazi.

Vyeti halisi usivitoe. Nakala zilizothibitishwa zinamtosha.

Suala la saa ndilo zito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa zisizozidi 12 kwa siku pamoja na za ziada, na kwa kawaida mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kuingia kazini tena. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mwajiri atakujibu kwamba sheria hiyohiyo imeiondoa kazi ya dharura katika mipaka ya saa na mapumziko, na ni kweli; ila dharura iliyobandikwa ukutani kwa ratiba ya mwezi mzima, kwa maoni yetu, ni zamu kama zamu nyingine. Mgonjwa aliyelegezwa misuli hapumui mwenyewe: anapumuliwa kwa mkono wako au kwa mashine unayoilinda, huku macho yako yakifuata kiwango cha oksijeni kwenye skrini, na kazi hiyo haimfai mtu aliyekesha.

Basi kabla ya kusaini, omba kiongezwe kipengele kimoja: ukiitwa baada ya saa sita usiku, usipangiwe upasuaji wa asubuhi inayofuata. Wakikataa kukiandika, usikubali kufungwa miaka mitano.