Mwanangu, kiatu ni cha shule

Karatu, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima, goti la baba yako limetulia, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kubeba. Barua hii kaka yako ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa akutumie, maana mimi bado nafikiri vizuri zaidi nikiwa na kalamu mkononi.

Umeniuliza jambo moja, tena umelipanga vizuri kama ulivyozoea kupanga mambo tangu mdogo. Chuo chenu huko Marekani kinashusha michezo yake kutoka daraja la kwanza kwenda la tatu, ambako hakuna ufadhili wa riadha. Ninyi mliopo mmeahidiwa kulipiwa mpaka mhitimu, ila kocha anaondoka mwezi wa tano, na timu itakuwa ya watakaojilipia ada. Uhame ukakimbie kwingine, au ubaki umalize uuguzi? Nitalifikia. Lakini kuna sentensi umeipitisha haraka, kama mtu anayeruka dimbwi, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Unasema mliambiwa katika mkutano wa kwenye kompyuta, dakika kumi na moja, na sauti zenu zilikuwa zimezimwa. Mwanangu, nani alizizima?

Sisemi hawana sababu. Kaka yako amekaa nami jioni mbili akinisomea, nami nimeuliza mpaka nimeelewa. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vikuu vya huko kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kila chuo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Juu yake kuna dola bilioni 2.8 za kuwafidia wachezaji wa miaka ya nyuma, zitakazolipwa kwa miaka kumi. Na hilo sina ugomvi nalo. Kijana aliyejaza uwanja na kuuza matangazo ya televisheni miaka yote ile bila ujira, apewe chake. Kinachoniuma ni kwamba sehemu ya fidia hiyo inakatwa kwenye mgao ambao NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kilikuwa kikivipelekea vyuo vyote vya daraja la kwanza. Chuo chenu, ambacho mechi zake hutazamwa na wazazi na mapadri, nacho kinakatwa. Ng'ombe wa mtu mmoja wameingia shambani, faini imepigwa kijiji kizima.

Halafu kuna suala la watoto. Hili nilikuwa silijui. Wamarekani walizaa sana mwaka 2007, kisha uchumi ukayumba na uzazi ukaanza kupungua. Hesabu miaka kumi na minane. Wale ambao hawakuzaliwa ndio wasiojaza mabweni sasa, na chuo kidogo kinaishi kwa ada. Mwaka wako wa kwanza ulinisimulia kwamba timu yenu ya kikapu ilisafiri usiku kucha kwenda kufungwa na chuo kikubwa, kwa sababu wakubwa huwalipa wadogo waje wafungwe. Mimi nilicheka, wewe hukucheka. Sasa naelewa: huenda fedha ile ndiyo iliyokununulia viatu.

Wala hamko peke yenu. Januari 2025 chuo cha Sonoma State kule California kilitangaza kufuta timu zake zote 11, wanafunzi 227 kwa tangazo moja. Chuo cha St. Francis cha Brooklyn kilifuta zake zote mwaka 2023. Na Saint Francis nyingine, ile ya Loretto, Pennsylvania: Machi 2025 vijana wake wa kikapu walifika mashindano makubwa ya taifa, wakafungwa kwa pointi mbili, na kabla mwezi haujaisha chuo kikatangaza kwamba kinakwenda daraja la tatu. Nilipoisikia hiyo nilimwambia kaka yako anyamaze kidogo. Nilikuwa namwaza mtu mzima anayejua jambo kama hilo, na watoto bado wako uwanjani wanakimbia.

Mimi niliwahi kuwa mtu mzima huyo.

Unalijua boksi la raba lililoko stoo, juu ya debe la mbegu, mlilokatazwa wote kuligusa. Unajua pia kwamba mama mdogo wako alikuwa mkimbiaji, maana ndiye aliyekuwa akikuamsha saa kumi na moja alfajiri akakupandisha mlima wa Rhotia, na ndiye aliyekufundisha kulegeza mabega. Usichokijua ni ile Jumamosi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya 2000, kabla hujazaliwa. Mimi mwalimu wa michezo, yeye kidato cha tatu shule ileile, anaishi kwangu. Nilikuwa na wasichana tisa wa riadha na raba jozi saba. Yeye alikuwa ameteuliwa timu ya mkoa. Zilibaki wiki mbili aende kambini Arusha, akimbie katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid ambao alikuwa akiusikia redioni tu. Ijumaa mchana mkuu wa shule akaniita. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, imesimamishwa, nchi nzima. Wanafunzi wasome. Nitangaze Jumatatu mstarini, nikusanye na vifaa.

Nilirudi nyumbani nikapika makande. Tukala naye. Sikusema.

Jumamosi asubuhi nikawapeleka uwanjani kama kawaida. Uwanja wetu unaujua, ule wenye mteremko upande wa kanisa. Alikimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 41, kwenye nyasi zenye umande, kwa saa ya mkono niliyoazima kwa baba yako. Hakuwahi kukimbia hivyo kabla ya siku ile, wala baada yake. Akanijia akihema, "Dada, ngapi?" Nikamwambia. Akalala chali kwenye nyasi akicheka peke yake. Nikaandika 4:41 kwenye daftari, nikaipigia mstari, na moyoni najua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Kuna siku najiambia nilitaka aipate ile asubuhi, kwamba ningemwambia Ijumaa asingekimbia 4:41, na muda huo ni wake mpaka leo, hakuna agizo linaloweza kuufuta. Siku nyingine najiambia niliogopa tu. Nadhani yote mawili ni kweli, na la pili ni kweli zaidi.

Jumatatu nikatangaza kwa sentensi moja. Nikawaambia waliopewa raba wazilete ofisini kabla ya kipindi cha kwanza. Walizileta zimefutwa matope. Yeye akaja wa mwisho. Akauliza, "Mwalimu, na kukimbia mwenyewe tu, barabarani, nako kumekatazwa?" Nilikuwa nahesabu raba. Nikamjibu, "Kaingie darasani."

Sasa ile sentensi mnayonitania nayo, ninayoisema kila mtu anaponyang'anywa kitu, kwamba kiatu ni cha shule, mguu ni wako, hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa asubuhi ile. Lilinijia baada ya miezi, nikiwa njiani natoka sokoni na kapu kichwani. Tangu hapo nimelisema kwa kila mtu. Kaka yako nilimwambia alipopoteza kazi ya hoteli wakati wa korona. Wewe nilikuambia pale uwanja wa ndege wa KIA, ukiwa umeshika pasipoti kama yai. Zile raba hakuna aliyeziulizia tena, nilipostaafu nikaja nazo nyumbani. Yeye mwenyewe sijamwambia mpaka leo.

Na bado nalitilia shaka jibu langu. Mguu ni wako, haya. Alikimbia peku barabara ya Rhotia miezi mitatu, kisha akaacha, na nani angemlaumu? Alikuwa anakimbilia wapi? Michezo ya shule iliporejeshwa, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na shamba la vitunguu Mang'ola. Kwa hiyo kiatu nacho ni kitu. Kambi ni kitu, kocha mwenye saa ni kitu, basi la kuwapeleka ni kitu. Mguu peke yake haumfikishi msichana Arusha, seuze Marekani.

Ndiyo maana vyuo vidogo vinaniuma kuliko vikubwa. Suleiman Nyambui wetu alikuwa akisoma El Paso, Texas, alipochukua medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na kila mwanariadha wa rika langu huku aliijua njia ile. Lakini Nyambui alikwenda akiwa na jina. Mtazame Mkenya Peter Rono. Alitoka Iten akapokelewa na Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki kule Emmitsburg, Maryland, na mwaka 1988, akiwa bado mwanafunzi wao, akashinda dhahabu ya mita 1500 Seoul mbele ya Waingereza waliokuwa wakitajwa na dunia nzima. Wewe uliandika barua pepe kwa makocha wangapi? Nakumbuka tulihesabu mpaka thelathini. Aliyekujibu alikuwa wa chuo ambacho hata padri wetu hakuwahi kukisikia. Hicho kikifunga mlango, msichana wa Rhotia anayekuja nyuma yako atamwandikia nani?

Lakini tena, hapo hapo, najiuliza fedha hizo ni za nani. Kuna mtoto wa fundi bomba anayesoma na wewe darasani, anakatwa ada ya michezo kila mhula, hajawahi kuja kuwatazama mkikimbia, na anamaliza na deni. Akiuliza kwa nini alipie safari zenu, nitamwambia nini? Ana haki ya kuuliza. Nimekaa na swali lake muda mrefu kuliko nilivyotaka, na sijalimaliza.

Haya, swali lako. Ninayoyajua ni haya. Kuhama kumekuwa kugumu: vyuo vilivyoingia kwenye ule mpango wa malipo vimewekewa ukomo wa watu 17 katika timu ya mbio za nyika, kwa hiyo nafasi unayoitafuta inatafutwa na wengi. Zile fedha mpya za wachezaji usizihesabu, kwani viza ya mwanafunzi inakubana mambo ya kazi. Uuguzi uko mwaka wa tatu, na umeniambia mwenyewe kwamba saa za wodini hazihamishiki kirahisi. Upande wa pili, una miaka ishirini na miwili, na mbio hazimsubiri mtu amalize mitihani.

Kabla ya kuhama wala kubaki, nakuomba kitu kimoja. Andikeni barua, timu nzima, mumwombe rais wa chuo aje akae nanyi chumba kimoja. Ahadi ya ufadhili aitoe kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Chuo cha Brown kilipofuta mbio za wanaume Mei 2020, wanafunzi na waliowahi kusoma pale walipaza sauti, na hazikupita wiki mbili zikarudishwa. Najua Brown ni chuo tajiri, na chenu si tajiri. Pengine timu haitarudi. Lakini mimi nilikuwa upande ule wa meza, ndiyo maana nakuambia: kama asubuhi ile mtu angenilazimisha kuacha kuhesabu raba nimtazame mdogo wangu usoni, ningemjibu.

Na uamuzi wenyewe? Hapa nilikuwa nimeandika sentensi, nimeikata kwa wino mpaka haisomeki, na usimwambie kaka yako aitazame kwenye mwanga. Nilimwamulia mtu mmoja kwa kunyamaza. Sitaki kukuamulia wewe kwa kusema. Baba yako hana shida hiyo. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya dunia Tokyo mwezi Septemba 2025, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, akimwacha yule Mjerumani kwa sekunde 0.03, anasema uhame ukakimbie, na ukikosa huko urudi ujiunge na jeshi kama Simbu. Anasema hivyo kila siku tukiwa mezani. Mimi nasonga ugali. Ila ile picha uliyotuma ukiwa na sare ya wodini, nimeiweka pale karibu na redio, na kila anayeingia anaiona. Basi. Naishia hapo.

Mama mdogo wako alikuja jana kuchukua mbegu. Nilimsomea barua yako yote, pamoja na zile dakika kumi na moja. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza siku hizi mita 5000 unakimbia kwa dakika ngapi. Sikuwa na jibu. Anarudi Alhamisi. Niandikie kabla ya siku hiyo, muda kamili na sekunde zake.

Mama yako